Gari inachemsha kwenye foleni ila ikitembea inapoa: usifungue feni ya rejeta kabla hujapima

Swali lililoletwa: "Fundi habari ya kazi. Gari yangu nikikaa foleni mshale wa joto unapanda mpaka naogopa, nikipata njia nikatembea unashuka wenyewe. Jirani kaniambia feni ya rejeta imekufa, na fundi mmoja kasema anifungie direct aniwekee swichi ndani niwe naiwasha mwenyewe. Mimi nataka nibadilishe feni mwenyewe hapa nyumbani, nina seti ya spana na multimita ndogo. Nianzie wapi, na kitu gani nisije nikakisahau?"

Kazi njema tu ndugu yangu, na nashukuru umeuliza kabla hujashika spana maana kazi hii kuifunga na kuifungua haina ugumu kabisa, ugumu wake uko kwenye kujua kama kweli feni ndo mbovu. Watu wengi sana wananunua feni, wanafunga, gari inaendelea kuchemsha, ndo wanaanza kupima. Wewe anza na kupima.

Dalili uliyotoa inaniambia mengi. Gari ikiwa kwenye mwendo upepo wa barabarani unaingia kwa mbele unapoza rejeta, kwa hiyo feni hata ikiwa imekufa kabisa huwezi kujua. Ukisimama foleni ule upepo haupo tena, hapo ndo feni inatakiwa ivute hewa yenyewe, isipovuta joto linapanda. Ingekuwa inachemsha ukiwa kwenye mwendo mrefu au unapanda mlima na foleni inakaa sawa ningekwambia achana na feni, angalia rejeta iliyoziba, thamostati (vali inayofungua njia ya maji injini ikipata joto), wota pampu. Lakini inachemsha imesimama na inapoa ikitembea, basi mara nyingi ni feni au umeme unaoifikia feni. Hilo neno "au" lishike, tutalirudia.

Kwanza elewa inavyofanya kazi, haichukui muda. Kwenye gari nyingi za sasa kuna sensa ya joto kwenye njia ya kulanti (maji ya kupozea injini), inaipa taarifa kompyuta ya gari, kompyuta inaamsha relei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), relei ndo inapitisha umeme mkubwa kutoka kwenye betri kupitia fyuzi nene, mara nyingi ya ampea 30 au 40, unafika kwenye soketi ya mota, unazungusha feni, unarudi kwa waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi. Popote kwenye hiyo njia pakikatika feni haizunguki. Na feni haianzi kuzunguka mapema, thamostati inaanza kufunguka kwenye nyuzi kama 82 mpaka 90, feni gari nyingi inashika kati ya 95 na 105, kwa hiyo usiwashe gari asubuhi ukachungulia ukaona imetulia ukasema imekufa.

Sasa kupima. Washa gari, washa AC, shuka uangalie. Gari nyingi ukiwasha AC feni moja au zote zinazunguka bila kusubiri joto. Kama inazunguka kwa AC lakini haizunguki kwa joto na ni feni ileile, basi mota nzima, umeme mzima, tatizo lako ni sensa ya joto, waya wake, au kulanti imepungua mpaka sensa imekaa kwenye hewa badala ya kukaa kwenye maji. Hapo umeshaokoa hela ya feni. Ila kama una feni mbili angalia vizuri ipi inazunguka, gari nyingine moja ni ya kondensa ya AC na moja ni ya rejeta, usichanganye.

Isipozunguka hata kwa AC, zima gari, chomoa hasi ya betri, subiri injini ipoe, halafu zungusha panga la feni kwa kidole. Na nakuomba hili la kuchomoa hasi ulifanye kila mara unapoingiza mkono pale, kwa sababu gari nyingi feni inaweza kuwaka yenyewe hata ufunguo uko mfukoni kwako, injini ikiwa bado ya moto sensa inaiita tu inawaka, na vidole havirudi. Ukizungusha isikilize: inatakiwa ipite laini na iendelee kidogo baada ya kuiachia. Ikikwaruza, ikigoma, au panga likicheza mbele na nyuma, bushi zinazoshika shafti ya mota zimekwisha. Ipo na ile hali ya feni kuwa haiwaki mpaka uigonge mota kidogo kwa mpini wa bisibisi, hiyo brashi za kaboni ndani zimelika, inaweza kukubeba leo na ikakuacha kesho katikati ya foleni, ihesabu imekufa.

Halafu fyuzi na relei. Fyuzi itoe uiangalie na uipime, usiamini macho tu. Relei tafuta nyingine humohumo kwenye boksi yenye namba zinazofanana kabisa, mara nyingi ya honi inafanana, badilishana, jaribu. Na fyuzi ukikuta imeungua usije ukaweka kubwa zaidi ili isiungue, tafadhali, fyuzi imeungua kwa sababu mota inavuta umeme kuliko inavyotakiwa au waya umegusana mahali, ukiweka kubwa kitakachoungua baada ya hapo ni waya wenyewe.

Sasa njoo kwenye soketi ya mota, hapa ndo nataka utulie. Chomoa soketi, rudisha betri, weka multimita kwenye voliti za DC 20, washa gari na AC, pima kwenye soketi upande unaotoka kwenye gari. Ukipata sifuri, usiihukumu feni bado, rudi nyuma kutafuta umeme umeishia wapi. Ukipata 12 mpaka 14 kila mtu atakwambia basi mota ndo mbovu, na mara nyingi ni kweli, lakini kuna mtego. Multimita karibu haivuti umeme kabisa, kwa hiyo hata waya uliooza ukabaki na uzi mmoja utakuonyesha 12 vizuri tu, ila feni inayotaka ampea 15 au 20 ikiunganishwa pale voliti inaanguka na feni haizunguki. Dawa yake: chukua balbu ya zamani ya taa kubwa ya mbele, iunganishe kwenye ile soketi, halafu pima voliti huku balbu inawaka. Ikiwaka kwa nguvu na voliti imebaki juu ya 12, waya ni mzima na mota ihukumiwe. Ikiwaka kinyonge kama kibatari, ugonjwa uko kwenye waya, relei, soketi au ile hasi ya kwenye bodi.

Nina sababu ya kukazania hili. Nililetewa gari ambayo mwenyewe alikuwa ameshafunga feni 2 mpya na zote "zimekufa". Nilipochomoa soketi ilitoka kwa shida, ilikuwa imenata, na nilipoigeuza kwenye mwanga plastiki ya tundu moja ilikuwa imeyeyuka ikawa kahawia kama sukari iliyoungua, pini ya ndani imepoteza mng'ao imekuwa nyeusi na imelegea kiasi kwamba ukigusa inacheza. Nikafuata waya wa hasi mpaka chini ya betri, boliti iliyoushika ilikuwa na ukungu wa kijani na kutu, ukivuta waya unakuja nao. Feni zote mbili nilizipima zikazunguka vizuri. Nilikata soketi nikaweka mpya yenye waya wa unene uleule, nikapiga msasa pale kwenye bodi mpaka bati likang'aa nikakaza upya, gari ikapona. Yule ndugu alitupa hela ya feni mbili kwa sababu hakuna aliyeiangalia soketi. Kwa hiyo ukikuta soketi yako imeungua hata kidogo, upande wa gari nao ubadilishe, ukichomeka feni mpya kwenye soketi iliyoungua itaungua na yenyewe.

Kipimo cha mwisho ni kuipa mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili nene, wa chanya uwe na fyuzi ya ampea 30 katikati, mikono na nguo mbali na panga. Ikizunguka kwa nguvu ni nzima, isipozunguka au ikizunguka kichovu, hapo nenda kanunue feni kwa amani. Hii ni kwa mota yenye pini 2. Yenye pini 3 au 4 ina spidi mbili au zaidi, ujue kwanza pini ipi ni ipi. Na kama feni yako ina kimashine cha kuendesha spidi kimefungwa palepale kwenye mota, hiyo usiipige direct kabisa, unaweza kuikaanga ikiwa nzima.

Kuhusu hiyo habari ya kufungiwa direct na swichi ndani, mimi siipendi na nakushauri usikubali, isipokuwa umeharibikiwa njiani na unataka tu kufika. Siku moja utasahau kuiwasha, au utampa mtu mwingine aendeshe na hajui, na injini ya kisasa yenye silinda hedi (kichwa cha juu cha injini) ya aluminiamu haihitaji kuchemshwa mara nyingi ndo ipinde. Halafu swichi zinazowekwa nyingi ni ndogo, hazikutengenezwa kubeba ampea 20, waya mwembamba, hakuna fyuzi wala relei, umeme wote wa feni unapita karibu na magoti yako. Gari ilitengenezwa ijiwashie feni yenyewe, irudishiwe hivohivo.

Umepima, ni feni kweli, sasa tununue. Usiende dukani na jina la gari tu, gari ileile inaweza kuwa na feni tofauti kwa injini tofauti. Nenda na ya zamani mkononi au picha zake, linganisha idadi ya pini, umbo la soketi, upana wa panga na idadi ya mapanga, upande linakozunguka, na vishikio. Kama inapatikana nzima pamoja na kava lake la plastiki chukua nzima, ndo ushauri wangu siku zote, kava la zamani huwa limepasuka na watu hawajui kava lina kazi gani. Lile kava ndo linalolazimisha hewa ipite kwenye rejeta yote, bila kava feni inavuta hewa ya pale kwenye duara la panga tu na sehemu nyingine ya rejeta haipati kitu. Feni iliyokwisha kutumika ukinunua iwashe pale kama dakika 10, usikilize na uguse mota. Panga lenye ufa achana nalo, likikatika kwenye mzunguko linaweza kuingia kwenye rejeta.

Kufungua sasa. Injini iwe baridi kabisa, yaani imelala, au masaa kadhaa yamepita na ukishika hozi ya juu ya rejeta mkono unakaa bila kuungua. Usifungue mfuniko wa rejeta ya moto ndugu yangu. Ule mfuniko unazuia presha ya karibu bar 1, kwa hiyo maji mle ndani yanaweza kupita nyuzi 100 na yasichemke kwa sababu yamebanwa, ukilegeza tu presha inaondoka yanachemka yote kwa mkupuo na kukurukia usoni. Nimeona mtu aliyeungua hivyo na sitaki kuona tena.

Chomoa hasi ya betri. Piga picha kwa simu nyaya na vishikio vyote vilivyokaa kabla hujagusa, utanishukuru wakati wa kurudisha. Toa kava la juu ya rejeta na mpira wa kuingiza hewa kama unakuzuia. Chomoa soketi kwa kubonyeza kikufuli chake, usivute waya, plastiki ya miaka mingi imekauka inavunjika kirahisi. Angalia kama hozi ya juu inakupa nafasi ya kupitisha feni, gari nyingi inawezekana bila kuitoa, kama haiwezekani basi mwaga kulanti kidogo kwenye beseni safi mpaka ishuke chini ya ile hozi ndo uitoe. Na hilo beseni lisikae chini hata dakika moja bila mtu, kulanti ina utamu, mbwa na paka wanainywa, mtoto anaweza kuionja, na ni sumu ya kuua.

Boliti za juu mara nyingi ni mbili, spana 10 inatosha kwenye gari nyingi, chini kava huwa limekalia tu kwenye vitundu halikufungwa, lakini chungulia na tochi kwanza usije ukalazimisha. Kama gari ni otomatiki kuna vipaipu vya oili ya giaboksi vinapita chini na vingine vimebanwa kwa klipu kwenye kava, viachie taratibu. Kabla hujainua, chomeka kipande cha boksi gumu katikati ya feni na rejeta, kitelezeshe mpaka chini. Hii hatua watu wanairuka, na zile mbavu za rejeta ni nyembamba kama karatasi, pembe ya kava ikizikwaruza unaanza kutafuta rejeta siku hiyohiyo. Inua wima, polepole, ikikwama usivute, tafuta kilichoshika.

Feni ikiwa nje tumia nafasi hiyo, hutaipata tena kirahisi. Mulika rejeta, ukiona madoa ya rangi ya kulanti iliyokauka hapo pamevuja. Kama imejaa vumbi na wadudu ioshe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, uchafu utoke njia uliyoingilia.

Kama umenunua mota tu utahamisha panga, na hapa kuwa makini, gari nyingine panga limeshikwa na klipu, nyingine na nati, na nati hiyo kwenye feni kadhaa imekatwa kinyume, unalegeza kwa kuzungusha upande ule ambao kawaida ungekaza. Ikigoma jaribu upande wa pili kabla hujaongeza nguvu. Usigonge shafti ya mota kwa nyundo.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, sina mengi hapo. Anza boliti kwa vidole zote kabla ya kukaza, usikaze sana maana unakaza kwenye plastiki, zungusha panga kwa mkono uone haligusi popote, funga nyaya mbali na panga.

Rudisha betri, washa gari na AC, halafu chukua karatasi nyepesi uiweke mbele ya grili. Inatakiwa ivutwe inate. Ikisukumwa mbali feni inazunguka kinyume, inaelekea chanya na hasi vimegeuzwa, na gari ya hivyo ikitembea feni inapigana na upepo, joto linazidi kuliko ulivyokuwa bila feni. Kipimo cha karatasi hakichukui hata dakika, usikiache.

Kama ulimwaga kulanti sasa irudishe na utoe hewa. Ijaze injini ikiwa baridi, weka hita kwenye moto kabisa, washa gari mfuniko ukiwa wazi, AC imezimwa, iache iungurume yenyewe bila kukanyaga mafuta. Utaona mapovu, minyaminya hozi ya juu yatoke, kiwango kikishuka ongeza, mpaka hozi ya juu ishike moto ujue thamostati imefunguka, funga mfuniko kabla maji hayajaanza kupanda juu. Gari ambazo hazina mfuniko kwenye rejeta unajazia kwenye tanki lake la pembeni. Kulanti ambayo haijachanganywa, ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotakaswa, inatosha kwa gari nyingi, iliyochanganywa tayari usiiongezee maji, na aina tofauti usizichanganye, nyingine zikikutana zinaganda tope. Maji matupu ya bomba yanaleta kutu na hayailindi wota pampu.

Zima AC uiache injini ipate joto, simama uangalie mpaka feni iwake yenyewe, ipoze, izime, iwake tena. Mara 2 kamili bila wewe kugusa kitu, ndo utajua imekubali. Kama feni inazunguka vizuri na bado inachemsha, mapovu hayaishi kwenye maji, moshi mweupe unatoka nyuma, au oili imekuwa kama maziwa, zima hapohapo usiendelee kuijaribu, hiyo inaelekea kwenye hedi gasketi (gasketi iliyo kati ya silinda hedi na injini) na inahitaji fundi mwenye vifaa.

Feni ikishafanya kazi dakika 15 hivi zima, toa hasi, shika soketi kwa vidole. Uvuguvugu ni kawaida, ikiwa ya moto ya kuunguza kuna pini imelegea, itengeneze leo. Asubuhi yake injini ikiwa baridi angalia kiwango cha kulanti, kitakuwa kimeshuka kidogo hewa ilipotoka, jazia.

Ila kabla ya kununua au kufungua feni fanya ile ya balbu kwenye soketi, halafu niandikie umepata voliti ngapi ikiwa inawaka na feni yako ina pini ngapi, nikwambie ununue au usinunue.